Klauzura: mpaka kati ya watawa wa ndani na wageni wao

Klauzura ni ile sehemu ya nyumba ya kitawa wanamoingia wanajumuiya peke yao, pamoja na sheria inayoilinda. Wengi wakisikia hivyo hufikiria gereza, na kwa fikra hiyo huzunguka konventi (nyumba ya watawa wa kike) ya kale nzima wakaondoka wameona kuta tu. Usipoijua klauzura hutaelewa kwa nini dirisha lina wavu mara mbili, wala kwa nini mlango hauna kitasa upande wa nje.

Kila nyumba ya kitawa ina sehemu yake ya faragha. Kanuni ya 667 ya Sheria za Kanisa inadai hivyo hata kwa masista walimu na wauguzi. Kinachotofautiana ni ukali wake. Wamonaki wa kike ambao maisha yao yote ni sala, kama Wakarmeli, Waklara na Wadominiko wanaoishi ndani, wengi wao hushika klauzura ya kipapa: hawatoki ila kwa sababu inayokubalika, na mtu wa nje haingii ovyo. Askofu wa jimbo anaweza kuingia kwa sababu ya haki.

Chanzo chake kina pande mbili, na si haki kutaja mmoja tu. Papa Bonifasi VIII aliiamuru kwa watawa wote wa kike mwaka 1298, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukakazia amri hiyo mwaka 1563. Wanawake waliohusika hawakuulizwa. Lakini mwaka mmoja kabla ya amri ya Trento, Teresa wa Ávila, mtawa Mkarmeli wa Hispania, alikuwa ameanzisha monasteri ndogo ya San José kwa hiari yake, akitaka ukimya zaidi. Alikuwa ametoka La Encarnación, nyumba yenye watawa zaidi ya mia na wageni wasiokatika.

Mahali pazuri pa kuyaona haya kwa macho ni Santa Catalina, konventi ya Wadominiko mjini Arequipa, Peru. Ilianzishwa mwaka 1579 na mjane tajiri, María de Guzmán, na eneo lake ni kama mita za mraba 20,000. Ni mji ndani ya mji: vichochoro vyenye majina ya miji ya Hispania kama Toledo, Sevilla na Córdoba, kuta za mawe ya volkano zilizopakwa rangi nyekundu na buluu, majiko yaliyojaa masizi, na mahali pa kufulia ambapo maji ya mfereji huelekezwa kwenye mitungi 20 ya udongo iliyopasuliwa nusu.

Ukiingia, anzia chumba cha maongezi. Hapo mtawa alikaa upande mmoja wa wavu wa mbao na ndugu zake upande wa pili, wakazungumza bila kuonana vizuri. Karibu yake kuna kasha la mbao linalozunguka ukutani: mtu wa nje anaweka kitu, kasha linageuzwa, wa ndani anachukua, na hakuna aliyemwona mwenzake. Mimi vifaa hivi viwili hunigusa kuliko altare yoyote, kwa sababu vinaonyesha kuwa ukuta ulijengwa pamoja na njia za kukutana.

Usidhani lakini kwamba ndani watu wote walikuwa sawa. Binti wa familia yenye mali aliingia na mahari iliyolipwa kwa konventi. Familia nyingi ziliwajengea mabinti zao vijumba vya binafsi, vyenye jiko na wajakazi, wakiwemo watumwa. Mwaka 1871 Sista Josefa Cadena alileta mageuzi: wajakazi wakaachiwa, na watawa wakarudishwa kwenye maisha ya pamoja. Katika nyumba hiyohiyo ndimo alimoishi Ana de los Ángeles Monteagudo, mtawa wa karne ya 17, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, hatua moja kabla ya kuitwa Mtakatifu, mwaka 1985.

Umma uliruhusiwa kuingia mwaka 1970, baada ya matetemeko ya 1958 na 1960 kuharibu majengo. Hapa wageni wengi hukosea: hudhani watawa waliondoka. Hawakuondoka. Walihamia upande mmoja wa uwanja huohuo, klauzura ikasogezwa nao, na vichochoro vya zamani vikawa makumbusho. Konventi ya Descalzas Reales ya Madrid, iliyoanzishwa mwaka 1559 na Juana wa Austria, nayo huonyesha baadhi ya vyumba kwa vikundi vyenye kiongozi, huku Waklara wakiendelea kuishi humo.

Kwa hiyo ukitembelea konventi yenye watawa, heshimu mlango uliofungwa na usipige picha kupitia wavu. Ukitaka kuwasikia, uliza saa ya Misa au ya sala za vipindi. Kanisani mara nyingi watawa hukaa sehemu yao nyuma ya wavu, na walei, yaani waumini wasio watawa wala mapadre, wanakaribishwa upande wa pili. Ukiwa na ombi la sala, piga kengele ya mlangoni: yupo sista aliyepewa kazi ya kulipokea.