Mamba Akilea

Muulize mkazi wa kando ya Rufiji au Ziwa Rukwa habari za mamba, atakusimulia meno. Malezi hayatajwi. Katika mikutano yetu ya vijiji mimi huanzia hukohuko, kwa sababu anayejua mamba anavyolea atajua pia wapi asisogee, na wakati gani.

Kiangazi, mamba jike huchimba shimo kwenye mchanga, mbali kidogo na maji, akataga mayai 25 hadi 80. Huyafukia, kisha hulala karibu nayo kwa takriban miezi mitatu, na muda wote huo hula kidogo mno au hali kabisa. Akiteremka majini kujipoza tu, kenge yuko tayari kufukua.

Yai la mamba likitagwa, jinsia ya kitoto bado haijaamuliwa. Huamuliwa na joto la kiota. Likiwa kati ya nyuzi 32 na 34 za Selsiasi hivi, wengi hutoka madume. Likishuka au likipanda zaidi ya hapo, majike. Ndiyo maana kufyeka miti ya ukingoni si jambo dogo: kivuli kikiondoka, joto la mchanga hubadilika, na watakaozaliwa hubadilika pia.

Siku zikitimia, watoto hulia wangali ndani ya maganda. Mama husikia, akafukua. Yai lililogoma kupasuka hulitia mdomoni akaliviringisha taratibu mpaka lifunguke. Kisha huwabeba watoto katika taya zilezile zinazomwangusha nyumbu, akawateremsha majini. Wengi wakiona hivyo husema mamba anakula wanawe. Hapana, anawahamisha. Baada ya hapo huwalinda kwa wiki kadhaa, na kitoto kikilia tu, hufika.

Wakubwa nao wana utaratibu wao. Dume kubwa hushika sehemu bora ya mto, hupiga maji kwa kichwa na kutoa mngurumo mzito ambao sikio letu halisikii wote, ila maji ya mgongoni mwake huonekana yakirukaruka. Mdogo akipita karibu huinua pua na kuonyesha koo, ishara ya kukubali kushindwa. Kwenye mzoga huvumiliana. Meno ya mamba ni ya kushika tu, hayatafuni, kwa hiyo mmoja akishikilia, mwingine hujizungusha na kunyofoa pande lake. Huko Katavi, mto Katuma unapokauka, hujazana kwa makumi kwenye mapango ya kingo zake wakingoja mvua.

Sasa turudi kwa mkazi wa ukingoni, anayekuja mtoni na ndoo. Mamba hujifunza mazoea yako. Ukiteka maji palepale, saa ileile, kila siku, umemfundisha mahali pa kukungojea. Badilisha mahali. Tumia ndoo yenye kamba ndefu ukiwa juu ya ukingo, usiingie majini kufua, na usiende mtoni giza likishaingia. Watoto wasitumwe peke yao. Hili nalisisitiza kila ninapopita, na nitaendelea kulisisitiza.

Mchanga uliochimbuliwa karibu na maji usiuchokonoe. Na mvua za kwanza zikianza, ukisikia vilio vyembamba kwenye matete, rudi kwa njia uliyojia. Mama yupo hapo hapo.