Mmasai hazururi na ng'ombe

Ukipita Kirumba, Mwanza, usiku, mlinzi aliyejifunga lubega getini huitwa "Masai" tu. Jina lake hakuna anayeuliza. Na kijiweni utaambiwa hao ni watu wa kuzurura, mvua iliponyesha ndiko kwao. Linaniudhi zaidi likitoka kwa Msukuma mwenzangu, anayejua ng'ombe.

Mfugaji wa Kimasai ana mzunguko wake. Mvua zikishika, kundi huenda nyanda za majani mafupi. Kiangazi kikikaza, hurudi penye maji ya kudumu au kwenye miinuko. Kabla ya kuhama hutangulia watu kukagua malisho na kuuliza habari za magonjwa. Chukua nyanda za Ngorongoro: nyumbu huzaa huko kati ya Januari na Machi, wakati majani ni matamu kuliko mwaka mzima. Mgeni angeingiza ng'ombe wake mbio. Mmasai huwaondoa. Ndama wa nyumbu hueneza kirusi kisichowadhuru nyumbu wenyewe, lakini ng'ombe akikipata ni nadra apone. Basi mtu anayaacha majani mabichi huku anayaona kwa macho. Huko ndiko kuzurura?

Wengine husema wanamaliza nyasi kwa kuwa ardhi haina mwenyewe. Muulize Mmasai kuhusu olopololi: malisho ya karibu na boma yanayofungwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wasioweza kwenda mbali. Sisi tunaita ngitili. Tunajisifu nayo, kisha tunamshangaa jirani anayefanya kitu kile kile!

Husemwa pia kwamba Wamasai huishi kwa kunywa damu. Hilo lina ukweli kidogo. Damu hunywewa kwa nafasi zake, kama kwa mama aliyejifungua au kijana aliyetoka kutahiriwa, na ng'ombe hachinjwi. Chakula cha siku zote ni maziwa, na siku hizi ugali.

Kuhusu "tamaa ya mifugo mingi" wanayosingiziwa, miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Umasaini, njaa ikafuata. Mwenye wengi, tena waliogawanywa kwa marafiki wa maboma ya mbali, hubakiwa na mbegu.

Na si kila kuhama ni kwa hiari. Mwaka 1959 Ngorongoro ilipotenganishwa na Serengeti, Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Ni Serengeti hiyo hiyo tunayoipita pale lango la Ndabaka, basi likielekea Musoma, tukichungulia dirishani kutafuta nyumbu.