Mgongo Uliofungwa Vyuma: Maswali Kuhusu Mpangilio wa Pingili

Mgongo sawa ni ule ulionyooka?
Ukiutazama kwa mbele, ndiyo. Ukiutazama kwa ubavuni, sharti upinde: shingoni na kiunoni unaingia ndani, kifuani unatokeza nyuma. Mapindo hayo ndiyo yanayokiweka kichwa juu ya nyonga bila misuli kuhangaika.

Daktari anajuaje kama umekaa sawa?
Kwa timazi, kama mwashi. Unapigwa eksirei ya mgongo mzima ukiwa umesimama (ya kulala huficha mengi), kisha mstari unashushwa wima kutoka pingili ya saba ya shingo. Mstari huo ukiangukia zaidi ya sentimita 5 mbele ya ukingo wa juu, upande wa nyuma, wa sakramu (mfupa ulio chini ya kiuno, katikati ya nyonga), mwili umeelemea mbele. Mwenyewe huenda asijue, kwa kuwa hujiegemeza bila kufikiri: hukunja magoti, hurudisha nyonga nyuma. Anachojua ni kwamba akisimama kidogo tu, kiuno kinawaka moto.

Nilifungwa vyuma mgongoni ili pingili ziungane, na nimeambiwa skrubu zimekaa vizuri. Mbona bado naumwa?
Skrubu zinaweza kukaa vizuri na mgongo ukakaa vibaya. Takriban theluthi mbili ya pindo la kiuno iko chini kabisa, kati ya pingili ya nne ya kiuno na sakramu. Sehemu hiyo ikiunganishwa ikiwa bapa, pingili za juu yake hubeba mzigo usio wao na huweza kuchakaa mapema. Somo hili lilipatikana kwa taabu: fimbo za chuma za Harrington, zilizoenea tangu miaka ya 1960 kutibu skoliosisi, ziliunyoosha mgongo uliokwenda upande, ila zilipofika chini ya kiuno ziliwaacha baadhi ya wagonjwa wakitembea wameinama. Hata hivyo, usilaumu mpangilio peke yake. Huenda mifupa haijashikana, au neva ilibanwa muda mrefu mno.

Basi mzee naye arudishiwe pindo la ujanani?
Hapana. Akinyooshwa kupita kiasi, pingili iliyo juu ya vyuma huweza kuvunjika.

Mimi mgonjwa nifanye nini?
Ningeanza na sigara. Nikotini hudhoofisha uotaji wa mfupa, na vyuma visiposhikwa na mfupa hulegea au hukatika. Sukari isiyodhibitiwa hukaribisha maambukizi kidondani. Wenye umri mkubwa waulizie kipimo cha uimara wa mifupa kabla ya upasuaji. Sonona nayo itajwe, maana huathiri nafuu.

Baada ya upasuaji, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, ukipata ganzi sehemu za siri au miguu ikilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.