Uamuzi wa meneja: dhana potofu na ukweli wake

Mameneja wengi ukiwaambia habari ya kufanya maamuzi kwa mpangilio, yaani kuandika unachokitaka na kupima kila chaguo kabla ya kuchagua, wanaona ni jedwali refu la Excel, mshauri wa kulipwa na vikao visivyoisha, na wengine wanaona ni kama unawadharau, yaani hawajui kazi. Si hivyo jamani. Mpangilio hauji kuchukua nafasi ya akili yako, unakulazimisha useme unachokitaka kabla hujajua chaguo lipi litashinda. Ukishaelewa hapo, dhana nyingi zinaanguka zenyewe.

Dhana: Matokeo yakiwa mazuri basi uamuzi ulikuwa mzuri

Mlevi anaweza kuendesha gari akafika nyumbani salama na hakuna atakayemsifu kwamba aliamua vizuri. Kazini tunalisahau hili kabisa, mtu kabahatisha mara moja anapandishwa cheo, mwenzake kapima kila kitu akapigwa na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, anaitwa mzembe. Uamuzi unapimwa kwa kile mtu alichokijua siku ile, njia mbadala alizoziangalia na sababu alizoziandika. Na kama hakuandika hutapata cha kupima, maana binadamu tukishajua mwisho wa jambo tunajiona tulijua toka mwanzo.

Dhana: Data ikiwa ya kutosha jibu litajionyesha lenyewe

Hii ndo inayonisumbua kuliko zote. Chukua chombo cha anga cha Challenger. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni, walipendekeza chombo kisirushwe kama joto liko chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kwa sababu pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zinakakamaa kwenye baridi, na usiku ule baridi ilikuwa inashuka mpaka chini ya sifuri. NASA, shirika la anga za juu la Marekani lililokuwa linarusha chombo, wakataka ushahidi. Mezani kulikuwa na rekodi za safari zilizopata hitilafu kwenye pete, na ukiziangalia hizo peke yake huoni uhusiano wowote na baridi, kuna hitilafu siku ya baridi na kuna hitilafu siku ya joto. Mameneja wa kampuni wakaomba muda wajadiliane wenyewe, mkuu wa mainjinia akaambiwa avue kofia ya uinjinia avae ya umeneja, pendekezo likageuzwa. Asubuhi chombo kikarushwa, sekunde 73 baadaye kikasambaratika, watu 7 wakafa.

Sasa angalia tume ya uchunguzi ilichofanya. Ilirudisha kwenye hesabu zile safari ambazo HAZIKUWA na hitilafu. Kwenye safari 20 zilizorushwa joto likiwa nyuzi 19 au zaidi, zilizopata shida ni 3 tu. Safari 4 zilizorushwa kwenye nyuzi 17 hivi kushuka chini, zote 4 zilipata shida. Data ilikuwepo muda wote! Hakuna aliyeuliza swali la mwanzo kabisa, kwamba ili tujue kama baridi ndo tatizo tunahitaji kuangalia safari zipi? Kwahiyo kabla hujamtuma mtu akuletee ripoti, mwambie kwanza unataka kuamua nini, na umwambie akuletee na yale yaliyokwenda vizuri, siyo makosa peke yake.

Dhana: Jedwali la alama ndo linaamua, mwenye alama nyingi kashinda

Jedwali linafanya hesabu tu, kuamua unaamua wewe kupitia uzito unaouweka, na hapa watu wengi wanajidanganya bila kujua. Mfano, una wauzaji wawili wa mashine. A bei yake 100, B bei yake 103. A akipigiwa simu mashine imeharibika fundi anafika baada ya siku 3, B fundi anafika ndani ya saa 4. Bosi anasema bei ni muhimu kuliko huduma, tuipe bei uzito 6 na huduma 4. Aliye bora kwenye kigezo anapata 10, wa mwisho anapata 1. A anapata 60 na 4, jumla 64. B anapata 6 na 40, jumla 46. A kashinda kwa mbali!

Lakini hebu tulia uangalie, kwenye bei wanatofautiana asilimia 3 tu, kwenye huduma ni siku 3 dhidi ya saa 4. Swali "bei ni muhimu kiasi gani" halina jibu likiwa peke yake. Swali lenye maana ni hili: kutoka ofa mbaya mpaka ofa nzuri ZILIZOPO MEZANI, ni tofauti ipi inanisaidia zaidi? Ukijiuliza hivyo unaweza ukaipa huduma 8 na bei 2, na hapo A anapata 28, B anapata 82. Wauzaji ni walewale.

Kuna kitu kingine cha kufanya kabla ya alama zote, na hiki kilisambazwa sana na Wamarekani wawili, Charles Kepner na Benjamin Tregoe, walioanzisha kampuni yao mwaka 1958. Tenga mambo ya LAZIMA na mambo ya TUNGEPENDA. Ya lazima hayapewi alama, ni ndiyo au hapana, na anayekosa moja anatoka hata kama kwingine kote anang'aa. Ila usijaze ishirini huko, orodha ya lazima ikiwa ndefu sana mara nyingi kuna mtu ana mshindi wake mfukoni na anawapunguza wengine kijanja.

Ukisharekebisha hayo usihangaike na desimali. Mwanasaikolojia Robyn Dawes alionyesha mwaka 1979 kwamba kwenye utabiri mwingi hata uzito ulio sawa kwa kila kigezo unafanya vizuri kuliko mtaalamu anayejumlisha yote kichwani. Kuchagua vigezo sahihi ndo kazi yenyewe.

Dhana: Mzoefu hahitaji haya, anaamini machale yake

Inategemea ni machale ya nini. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, ambao kwa miaka walikuwa kambi tofauti kwenye suala hili, waliandika pamoja mwaka 2009 wakakubaliana kwamba machale yanaaminika pale mazingira yanapokuwa na utaratibu unaojirudia na mtu anapata majibu ya haraka kama kapatia au kakosea. Zimamoto anayapata. Meneja anayeajiri watu wachache kwa mwaka na anakuja kujua ubora wao baada ya miezi mingi, hayapati.

Dhana: Wote wakikubali, tumeamua vizuri

Au wote wamemuogopa bosi. Baada ya Marekani kuunga mkono uvamizi dhidi ya Cuba Aprili 1961 na ukashindwa vibaya, Rais Kennedy wa Marekani alibadilisha namna ya kujadili, na kwenye mgogoro wa Oktoba 1962 wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba vikao vingine alikaa nje makusudi ili watu waongee. Wewe waambie watu waandike alama zao kabla kikao hakijaanza, halafu uongee wa mwisho.

Dhana: Hatuna muda wala programu ya kufanya haya

Mwaka 1772 Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alimwandikia rafiki yake, mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley, kwamba yeye anagawa karatasi safu mbili, faida huku hasara kule, anaijaza kwa siku tatu nne, halafu anafuta zinazolingana uzito na kuangalia kinachobaki. Karatasi na kalamu tu. Na uamuzi unaoweza kuugeuza kesho bila hasara hauhitaji hata hiyo, amua uendelee na kazi. Ila ule ambao ukishasaini hurudi nyuma, hata kama una saa moja tu, andika mistari minne: tunaamua nini hasa, ya lazima ni yapi, njia mbadala zipi (ikiwemo ya kutofanya chochote), na ni habari gani ikija itatufanya tubadilishe msimamo. Weka tarehe, weka na majina ya waliokuwepo.