Davis-Besse: kampuni ya nyuklia hubanwa kwa maandishi yake

Ukitaka kuibana kampuni ya nyuklia mahakamani, usianze kwa kubishana kama kinu kilikuwa salama. Anza na walichomwandikia mdhibiti, siku waliyokiandika, na walichokuwa wanakijua siku hiyo. Ushahidi wangu ni kinu cha Davis-Besse, wakati huo cha kampuni ya FirstEnergy, jimbo la Ohio, Marekani.

Kifuniko cha kinu hicho kimepenywa na mirija 69, mingi ikiwa ya fito za kudhibiti, yaani zile za kupunguza au kuzima mmenyuko wa nyuklia. Maji ya ndani yana asidi ya boriki. Mrija ukipata ufa, maji huvuja na kuwa mvuke, asidi hubaki ikikolea, kisha hula chuma. Machi 2002, kando ya mrija namba 3, lilikutwa shimo lililokwisha kula zaidi ya sentimita 15 za chuma. Kilichobaki kuzuia shinikizo la karibu mara 150 ya lile la hewa ni utando wa chuma cha pua usiofika unene wa sentimita 1.

Dalili hazikujificha. Vichujio vya vipima mionzi, vya kubadilishwa mara moja kwa mwezi, vilikuwa vikiziba kwa kutu na boroni (mabaki ya asidi hiyo) ndani ya siku moja au mbili. Picha za mwaka 2000 zilionyesha uchafu mwekundu ukichuruzika kifunikoni.

Agosti 2001, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia (NRC) ilivitaka vinu vya aina hiyo vieleze jinsi vifuniko vyake vilivyokaguliwa. Majibu ya kampuni yalionyesha kana kwamba kifuniko kilikuwa kimekaguliwa ipasavyo. Kwa kweli ukaguzi ulipitia matundu madogo, na rundo la boroni lilizuia kuona. Kwa majibu hayo kinu kiliachwa kifanye kazi hadi Februari 16, 2002, badala ya kusimama mwisho wa Desemba.

Hapo ndipo waendesha mashtaka waliposhika: taarifa za uongo kwa serikali. NRC ilitoza dola milioni 5.45 mwaka 2005. Januari 2006 kampuni ikakubali kulipa milioni 28 ili isishtakiwe. Wahandisi wawili walitiwa hatiani na kupewa kifungo cha nje. Hakuna mkurugenzi aliyeshtakiwa, na hilo naliona ni dosari kubwa ya kesi nzima.

Linganisha na TEPCO, kampuni ya umeme ya Japani iliyokuwa ikiendesha kituo cha nyuklia cha Fukushima kilichopigwa na tsunami mwaka 2011. Mwaka 2008 hesabu zake zenyewe zilionyesha kwamba tsunami ya hadi mita 15.7 ingeweza kufika hapo. Wakuu watatu wa zamani walishtakiwa kwa uzembe uliosababisha vifo, wakaachiwa huru mwaka 2019, kwa kuwa uzembe unadai kuthibitisha kwamba wangeweza kuitabiri hatari. Uongo ulioandikwa haudai hivyo.

Kwa hiyo, unapodai nyaraka, taja: barua kwa mdhibiti, video za ukaguzi zenye tarehe, daftari la vichujio, na maombi ya marekebisho yaliyoahirishwa. Davis-Besse, ombi la kukata matundu makubwa ya ukaguzi lilikuwapo tangu 1990.