Kuhamia Vite: kabla hujashangilia, angalia simu iliyoko Sikonge

Natunza mfumo wa kupokelea asali wa kikundi cha wafugaji nyuki hapa Tabora. Mrina analeta ndoo zake kituoni, karani anazipima na kuingiza uzito kwenye simu, mfumo unatoa risiti na kuweka hesabu ya malipo. Vituo vingine viko ndani kabisa, upande wa Sikonge, ambako mtandao unashika asubuhi na kupotea mchana. Ndiyo maana mfumo ulijengwa ufanye kazi hata bila intaneti: vipimo vinakaa ndani ya simu mpaka mtandao urudi, kisha vinapanda kwenye seva.

Niliujenga kwa Create React App, zana ya kuanzisha na kuandaa miradi ya React (maktaba, yaani msimbo ulio tayari, ya kujenga kurasa za tovuti), kama wengi wetu tulivyofundishwa. Toleo lake kubwa la mwisho, la 5, lilitoka Desemba 2021. Tarehe 14 Februari 2025 timu ya React ikatangaza rasmi kwamba miradi mipya isiitumie tena. Mradi wangu haukusimama siku hiyo, lakini kila nilipoongeza maktaba mpya nilipata maonyo ya matoleo yasiyopatana, na nikajua kila mwezi ninaosubiri unaongeza ugumu. Nikaamua kuhamia Vite, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, mvua zikiwa bado zinanyesha, kabla ya msimu wa kurina.

Nieleze kwanza tofauti yenyewe, maana wengi wanasema "Vite ni ya haraka" bila kusema kwa nini. Ndani ya Create React App kuna webpack, programu ya kufungasha mafaili ya mradi. Ukiandika `npm start`, amri ya kuwasha mradi, inapitia kila faili la mradi, inafuatilia kila `import` (mstari wa faili moja kuita jingine), inayafungasha yote pamoja, ndipo ukurasa unaonekana. Sisi wa Tabora tunaijua picha hii: ni treni inayosubiri mabehewa ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda yaungwe yote, wakati abiria mwenyewe anashuka Urambo. Vite, ambayo Evan You aliianzisha mwaka 2020, inatumia ukweli kwamba vivinjari vya leo vinaielewa `import` vyenyewe. Seva inawaka papo hapo, na faili linaandaliwa pale kivinjari kinapoliomba. Maktaba za nje kama React hazibadiliki kila saa, kwa hiyo katika Vite 7, niliyoitumia, zinafungashwa mara moja kwa esbuild, programu iliyoandikwa kwa Go, na kuwekwa akiba ndani ya `node_modules/.vite`. Kazi ya kufungasha kila kitu inabaki kwa siku ya kupeleka mfumo kwa watumiaji tu.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nilikuwa nawasha mradi, nakwenda kuchota maji, narudi ndiyo kwanza unamalizia. Sasa unawaka kabla sijafungua kivinjari. Kwa mtu anayefanya kazi kwa betri umeme ukikatika, hilo ni saa nzima ya kazi iliyookolewa.

Hatua za kuhama zenyewe hazikunisumbua sana. `index.html` inatoka kwenye folda ya `public` na kukaa kwenye mzizi wa mradi, na alama za `%PUBLIC_URL%` zinafutwa. Ndani yake unaandika mwenyewe mstari wa kuita faili la kwanza la JavaScript kwa `type="module"`. Mafaili yenye JSX (alama kama za HTML ndani ya JavaScript) yanapewa jina la `.jsx`. Matokeo yanawekwa kwenye `dist` badala ya `build`, na seva ya kazi inasikiliza mlango wa 5173 badala ya 3000. Kama una hati za kupeleka mfumo kwenye seva, zipitie zote.

Paliponikwamisha nusu siku ni kwenye vigezo vya mazingira, yaani thamani kama anwani ya seva ambazo mradi unazisoma kutoka faili la `.env`. Create React App inasoma majina yanayoanza na `REACT_APP_` kupitia `process.env`. Vite inataka yaanze na `VITE_`, na unayasoma kwa `import.meta.env`. Ukisahau `process.env` mahali, ukiwa kwenye seva ya kazi kivinjari kinakupigia kelele kwamba `process` haipo, na hilo ni jema kwa sababu unaliona. Baya ni ukibadilisha namna ya kusoma lakini ukaacha jina la zamani kwenye faili la `.env`. Hapo hakuna kosa lolote linalotokea. Thamani inakuwa `undefined` tu. Mfumo wangu ulikuwa unatuma vipimo kwenye anwani inayoanza na neno "undefined", na kwa kuwa umejengwa kuvumilia kukosa mtandao, ukavihifadhi kimya kimya ukisubiri. Tafuta `REACT_APP_` kwenye mradi mzima, na usiseme umemaliza mpaka utafutaji urudi mtupu. Na kumbuka kwamba thamani hizi zinaandikwa ndani ya mafaili yanayokwenda kwa mtumiaji. Yeyote anaweza kuzisoma, kwa hiyo nywila ya kanzidata haina mahali hapo.

Jambo la pili ni simu zenyewe. Vite 7, iliyotoka Juni 2025, kwa kawaida yake inaandaa msimbo kwa ajili ya Chrome 107 na kuendelea. Sasa angalia: simu ya Android 6 haiwezi kupata Chrome inayozidi toleo la 106. Yaani inaachwa nje kwa toleo moja! Makarani wetu wawili wana simu za namna hiyo, na hawatanunua nyingine kwa sababu mimi nimebadilisha zana. Nikaweka `target: 'chrome87'` kwenye sehemu ya `build` katika `vite.config.js`. Hiyo inashusha sarufi ya lugha tu, haiongezi kazi ambazo kivinjari cha zamani hakina, kwa hiyo nilizichukua simu hizo mbili mkononi nikapitia kila ukurasa.

Nikapeleka mfumo kwenye seva nikiwa na furaha. Kwenye toleo lile lile nikaingiza badiliko lingine: mfumo wenyewe utoe uzito wa ndoo tupu, ambao zamani karani alikuwa anautoa kwa kichwa. Nikawapigia makarani wote: kuanzia leo msitoe tena, ingizeni uzito kama mizani inavyosema.

Wiki haikuisha, mzee mmoja akaja ofisini Isevya na risiti mbili, moja ya kituo cha karibu na mjini, nyingine ya Sikonge. "Mwanangu," akaniambia, "ndoo zangu ni za aina moja, asali nimeijaza kwa kipimo kimoja. Mbona kule kila ndoo imezidi karibu kilo?" Nikampigia karani wa Sikonge. "Kaka, huku hakuna kilichobadilika. Mfumo ni ule ule wa zamani." Alikuwa ameacha kutoa uzito wa ndoo kama nilivyomwambia, na mfumo wa zamani nao hautoi. Ndoo ilikuwa inalipwa kama asali.

Kilichotokea ni hiki. Ili mfumo ufanye kazi bila mtandao, kivinjari kinatunza hati inayoitwa sevisi woka, ambayo inasimama kati ya ukurasa na mtandao na kutoa mafaili iliyoyahifadhi. Kwenye mradi wa zamani hati hiyo ilikuwa `service-worker.js`. Mradi mpya ulikuwa nayo pia, kupitia plagini (programu ya nyongeza) ya `vite-plugin-pwa`, lakini kwa jina ambalo plagini inatoa yenyewe, `sw.js`. Simu ya Sikonge ikifunguliwa, hati ya zamani inatoa ukurasa wa zamani kutoka akiba. Ukurasa huo unauliza seva: kuna `service-worker.js` mpya? Seva yangu, kama ilivyo kwa mifumo mingi ya aina hii, haikulipata faili, ikarudisha `index.html`. Kivinjari kikaona kimepewa HTML badala ya JavaScript, kikaikataa, kikabaki na ya zamani. Bila kuingilia kati, simu ile ingeweza kubaki hivyo miezi.

Ushauri ambao kila fundi angetoa hapo ni "futa data za kivinjari". Nilikuwa nimeshafungua kinywa kuusema. Lakini vipimo visivyopanda vinakaa kwenye IndexedDB, hifadhi ya data iliyo ndani ya kivinjari, na kufuta data za tovuti kunaifuta nayo. Asali ya watu, jasho la msimu, ingepotea kwa sentensi yangu moja. Tafadhali, kama mfumo wako unahifadhi kazi ya mtu ndani ya simu, ushauri huo usiutoe kabla hujajua kuna nini humo.

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye mipangilio ya plagini:

`filename: 'service-worker.js'`

Jina likirudi kuwa lile la zamani, ukurasa wa zamani ukiuliza unapata hati mpya, inapakua mafaili mapya na kusubiri. IndexedDB haiguswi, kwa kuwa anwani ya tovuti ni ile ile. Nilikataa kuufanya ukurasa ujifungue upya wenyewe, kwa sababu karani anaweza kuwa katikati ya kuandika kipimo. Nikawaelekeza kwa simu: ukiwa na mtandao fungua, subiri kidogo, funga kabisa, fungua tena. Na kwenye seva sikuyafuta mafaili ya zamani. Yalikuwa kwenye folda ya `static`, ya Vite yako kwenye `assets`, hayagongani, na ukurasa wa zamani ulio wazi bado unaweza kuyahitaji.

Hesabu za ndoo tulizirekebisha kwa mkono, risiti kwa risiti, nikiwa na mhasibu wa kikundi. Kosa la kuchanganya kuhama zana na kubadilisha hesabu lilikuwa langu, na nilimweleza yule mzee hivyo. Toleo la kuhama lilipaswa kwenda peke yake, na namba yake ionekane chini ya ukurasa ili karani aweze kunisomea kwenye simu. Namba hiyo sasa ipo.

Simu ya mwisho ilikuwa ya karani wa kituo cha mbali zaidi. Alikuja mjini siku ya ishirini na tatu kufuata ndoo tupu, nikaiunganisha na mtandao wa ofisi. Vipimo kumi na saba vilivyokuwa vinasubiri vikapanda vyote. Akafunga, akafungua, akanisomea namba ya toleo, kisha akaenda kupakia ndoo zake.