Urasimishaji Mwanza: hati hukwama kichochoroni

Urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kutolea hati makazi yaliyojengwa kiholela, ukitangazwa Mabatini, Igogo au Bugarika, watu huanza kuulizana bei. Swali la kwanza lingekuwa hili: kukitokea msiba kwako, jeneza litapita wapi? Kiwanja kisicho na njia hakipati hati, na kwenye milima yetu hii njia huwakwamisha watu hata pale fedha ipo.

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hatimiliki hukupa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Ile karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa haikumilikishi. Inaonyesha tu kwamba ulimlipa fulani mbele ya mashahidi. Usiitupe lakini, maana siku ya kutambua mipaka ndiyo ushahidi wako. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, vifungu vya 56 hadi 60, ndiyo inayoruhusu makazi yaliyojengwa kiholela kurasimishwa. Leseni ya makazi, kibali cha muda cha kukaa kwenye makazi yasiyo na hati, ni kitu kingine: haizidi miaka 5.

Kazi huanzia kwenye mkutano wa mtaa, inapochaguliwa kamati. Kisha unakuja utambuzi wa mipaka: wewe na majirani wa pande zote mnasimama mpakani, mnakubaliana, mnasaini. Mpaka wa minyaa hauna shida. Shida ni ule ukuta wa mawe unaozuia udongo usiporomoke. Mpaka uko juu ya ukuta au chini kwenye msingi wake? Kwenye mteremko mkali tofauti hiyo hufika mita nzima, na choo cha mtu kinaweza kujikuta kwa jirani. Malizeni siku hiyo hiyo, mbele ya kamati. Na jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Herufi moja ikikosewa hapa itakusumbua hadi kwa Msajili wa Hati.

Baada ya hapo unachorwa mchoro wa mipango miji, na hapa ndipo ugomvi ulipo. Kichochoro cha mita 1.2 kinatakiwa kipanuliwe, kila upande umege kidogo. Aliyejenga hadi ukingoni anagoma, na nyumba zote za nyuma yake zinabaki bila njia. Kwa maoni yangu kamati iende kwa mtu huyo kwanza, kabla ya mtaalamu wa mipango miji kufika na kabla ya kuchangisha hata shilingi. Ngazi za zege nazo zichorwe kama njia ya miguu. Zisipochorwa, zitaangukia ndani ya kiwanja cha mtu, naye ana haki ya kuzifunga.

Upimaji husubiri mchoro uidhinishwe. Anayepima kabla anatupa hela. Penye udongo bikoni, alama ya kona ya kiwanja, huchimbiwa. Penye mwamba, na Mwanza mwamba hatuukosi, hutobolewa tundu, chuma kikasimamishwa na kumiminiwa saruji. Fundi wa uzio asiiguse. Ramani ya upimaji ikishaidhinishwa, unapata namba ya kiwanja na ya kitalu, yaani kundi la viwanja kilimo chako.

Walio kando ya ziwa au ya Mto Mirongo wapime mapema mita 60 kutoka ukingoni mwa maji. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi kinaitaja ardhi iliyo ndani ya mita hizo miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi, pamoja na miteremko mikali, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazilinda mita hizo 60. Waliokumbwa na maji ya ziwa mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa sababu.

Kwenye maombi ya hati, wanandoa waandikwe wote wawili. Umiliki wa pamoja maana yake mmoja akifariki, fungu lake linakwenda kwa aliyebaki. Umiliki wa hisa, fungu linaingia kwenye mirathi. Nyumba ya marehemu inahitaji kwanza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi.

Ukiitwa kuchukua hati, usiikunje upesi. Soma jina, namba ya kiwanja, kitalu na ukubwa, ulinganishe na ramani. Kosa likionekana, irudishe pale pale dirishani.